Mkalimani wa Madereva Msimu wa Senene

Jumatatu, 2 Desemba 1974. Buhembe.

Nimepata kazi. Sikuitaka! Mkalimani wa mafunzo ya madereva wa malori ya ushirika kaamka na homa, na Sista wa shuleni akasema yupo Kokugonza, Kiingereza chake kizuri sana. Kizuri kwenye karatasi! Mimi sijawahi kumaliza sentensi mbele ya watu, hata ya Kihaya.

Ukumbini madereva wamevaa mashati ya Jumapili. Tata, baba yangu, Bwana Lwakatare kwa wengine, yupo mstari wa mbele. Mwalimu ni Bibi Margit, nesi Mzungu wa afya na usalama barabarani, na Kiswahili chake ni "karibu" na "pole" basi. Dereva akifaulu ataendelea na safari za Mwanza. Akifeli atabaki kusomba ndizi kati ya hapa na Muleba. Tata akifaulu, nami nitakaa kiti cha mbele hadi Mwanza kabla shule haijafunguliwa. Kaniahidi. Felicitas, binti wa dereva mwenzake Ta Aristides, ameshafika huko na baba yake, akala aiskrimu, na tangu hapo hamalizi maongezi bila kuitaja. Lazima Tata afaulu.

Swali la kwanza: dereva akisinzia afanye nini? Tata akasimama, akasema yeye hutafuna akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, huimba nyimbo za Bikira Maria, na usingizi ukizidi humwamuru utingo amfinye sikio. Bibi Margit akanigeukia. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya kifaranga, kwa Kiingereza: anasema huegesha lori pembeni, akalala.

Bibi Margit alifurahi mno! Kisha Ta Aristides akajibu hivyohivyo hasa, kuegesha na kulala. Nikatafsiri kwamba anakubaliana na Bwana Lwakatare. Jambo ambalo ni kweli, ukilitazama vizuri.

Jumatano, 4 Desemba

Mpango unakwenda. Tata kasema mbu wa Biharamulo hawamgusi mtu aliyekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikatafsiri: chandarua. Kasema kwenye kona hupiga honi, yanayobaki humwachia Mungu. Nikatafsiri: mwendo mdogo. Nitaungama kwa padri mafunzo yakiisha. Kabla ya hapo haifai, maana nitarudia.

Mchana, balaa. Somo la magonjwa ambayo madereva huyapata kwenye vilabu vya njiani, na si kwa sababu ya pombe. Bibi Margit akayataja kwa majina yake, bila haya, na mchoro juu. Tata ananitazama! Masikio yakawaka moto. Nikasema: mafua. Mafua mabaya ya vilabuni. Anayeyapata asimfiche mkewe, waende wote wawili hospitali.

Madereva wakatazamana. Walielewa kupita nilivyotaka. Na hapohapo Ta Aristides akapiga chafya.

Benchi zima likahama! Dereva Ta Privatus akamuuliza, waitu, ndugu yetu, mama watoto ana habari? Mwingine akashauri leso ile ichomwe moto. Bibi Margit akataka kujua kwa nini wanacheka. Nikamwambia Wahaya hucheka wakiguswa moyoni. Akasema amefurahi kulijua hilo.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimejichimbia kaburi. Bibi Margit katangaza kwamba dereva bora ni Bwana Lwakatare, kwa hiyo kesho ndiye atakayeonyesha barabarani, mbele ya bwana mkubwa kutoka mjini, nini kifanywe lori likiharibika na mtu akivunjika mguu. Kwa vitendo. Mkalimani wa nini tena? Tata akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Jioni nikamwomba anionyeshe, eti nataka kujifunza. Kaufunga mguu wa Mama kwa khanga kama anavyofunga mdomo wa gunia la kahawa. Mama kasema sasa apelekwe ushirika akapimwe uzito.

Nikamwambia Tata kesho nikikohoa mara moja, mawe kwenye magurudumu. Mara mbili, matawi barabarani. Akaniuliza kama nimeambukizwa yale mafua ya Ta Aristides.

Jumamosi, 7 Desemba

Mteremko wa kwenda Kashozi, asubuhi, umande tele. Lori limesimama. Ta Aristides kalazwa chini awe majeruhi, uso umenuna. Tata akashuka kwa madaha. Nikakohoa. Akainama, akaokota jiwe. Jiwe lilikuwa mkononi kabisa! Ndipo mtu akapiga kelele: senene!

Nyasi zote zilikuwa zinatikisika kwa panzi hao watamu wa kuliwa. Mwaka huu wamechelewa, watu tumewangoja mpaka macho yakauma. Jiwe likaanguka. Tata mbio. Madereva mbio. Majeruhi akainuka na mguu wake uliovunjika, akawapita wote! Bwana mkubwa akavua kofia. Nikadhani ni hasira, kumbe hana kikapu.

Tukabaki mimi na Bibi Margit. Lori nalo likaanza kwenda, polepole, kwa adabu. Nikakohoa. Nikakohoa tena na tena! Mwisho nikapiga yowe, yowe langu la kwanza maishani: Tata, lori! Likaingia kibanja cha Ma Immakulata, likalaza migomba miwili, likatulia. Hakuumia mtu. Ma Immakulata akatoka na panga, akaziona nyasi, akarudi ndani kufuata kikapu.

Bibi Margit akamwita Tata ajieleze. Tata akasema alikimbia, na jiwe hakuweka. Nikaanza kutafsiri kwamba breki za lori hili zina historia ndefu. Tata akanikatiza. Kwa Kiingereza! Kizuri kuliko changu! Kumbe kabla ya Uhuru alimwendesha Mzungu mmoja wa kahawa. Alisikia kila neno tangu Jumatatu! Akamweleza Bibi yote, akamwani, rubisi, hata sikio la utingo. Nilitamani kujificha chini ya lori, ila palijaa migomba.

Njiani nikamuuliza mbona hakuniumbua mapema. Akasema sauti ya mwanawe mbele ya watu ilikuwa tamu kuisikia. Tena alikuwa anaongoza.

Jumatatu, 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru.

Ngoma, gwaride, soda. Wenzake wamepewa vyeti, kwani lori halikuwa mikononi mwao. Tata atarudia wiki ijayo pamoja na madereva wa Muleba. Akifaulu, kiti cha mbele bado changu. Wala hana huzuni, kala senene sahani nzima. Desturi ni mke amletee mumewe senene, naye apewe nguo mpya. Mwaka huu Tata kajiletea mwenyewe. Mama kasema basi akajinunulie gauni.

Mimi nimeachishwa. Mkalimani mpya ni Felicitas!

Nimetafakari sana kanisani na kosa nimeliona: nilifanya kazi peke yangu. Felicitas anapenda senene kuliko aiskrimu, lakini bibi yake hataki kabisa msichana awale, eti ni mwiko. Kopo limejaa, lipo chini ya kitanda changu. Kesho nampelekea. Tata anajua Kiingereza, sawa, lakini lazima ajibu kwa Kiswahili ili wenzake wamwelewe. Kukohoa tumeacha. Akikwama atapiga chafya, Felicitas atamalizia.

Chafya tu. Nani atashuku?