Kengele ya Chumba cha Mena

Jumatatu, tarehe 2 Desemba

Nimetoka makao ya wazee ya Drumcarrow kumwona Mena. Mvua. Baridi ya kupasua meno. Dada yangu nimemkuta amekaa kwenye kitanda kilicholowa, uso kaugeuzia ukutani, kamba ya kengele bado iko mkononi. Alikuwa akiivuta tangu kabla ya chai. Hakuja mtu. Si kwamba wauguzi ni wabaya. Kengele hailii! Mzee anavuta kamba chumbani, na kule kwenye meza ya wauguzi hakusikiki kitu wala hakuwaki taa.

Nikambadilisha mwenyewe.  Mena alikuwa mkunga. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake, na leo ananionea haya mimi, niliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima. Nikamwambia aache kunitazama hivyo, nimeona makubwa kuliko hayo. Hakucheka.

Wiki iliyopita mzee wa chumba cha mwisho alianguka, akalala sakafuni mpaka kulipokucha. Bado yuko hospitali. Hawasemi kama atarudi.

Sasa, mjukuu wangu Gráinne ndiye mkaguzi mkuu wa ndani wa Idara ya Makao ya Wazee. Mimi darasa sikuliona. Kuandika huku alinifundisha yeye, mezani kwangu, meno ya utoto hayajamtoka. Kwa hiyo uso wake naujua kuliko herufi. Nimemuuliza habari za kengele. Akasema mambo ya ofisi hayazungumzwi jikoni, Bibi, naomba uniachie. Masikio yakamwiva. Basi! Ameshaligundua.

Alhamisi inakaa kamati ya ukaguzi. Mimi nimeielewa hivi: ni watu wa nje. Hawapandishwi cheo na mkubwa yeyote wa idara, wala hakuna awezaye kuwafukuza. Mkaguzi anawaletea alichokiona. Wakitaka, wakubwa wanaombwa watoke, mlango unafungwa, mkaguzi anabaki nao peke yake aseme lililo moyoni. Kisha kamati inamwambia mkuu wa idara ukweli usoni. Wakimsadiki Gráinne, kengele zitatengenezwa. Wakimsadiki Desmond Lacey, mkurugenzi wa majengo, anayeapa kwamba zote zilishatengenezwa zamani, Mena atafia kwenye mkojo wake. Hakuna kingine.

Mwenyekiti wao ni Fergal Tuohy, aliyekuwa meneja wa kiwanda cha maziwa. Mtu mwema. Mpenda kula. Nina mpango!

Jumanne, tarehe 3 Desemba

Nimemchinja bata bukini wangu mkubwa, yule niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya Krismasi. Nimemnyonyoa mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamfunga kwa kitambaa safi, nikampeleka kwa Tuohy kwa miguu.

Mwenyewe hakuwapo. Mkewe Attracta ndiye aliyefungua. Akauliza huyu wa nini. Nikamwambia ni wa Fergal, na Fergal aambiwe ametoka kwa bibi yake Gráinne, na Alhamisi amsikilize mtoto mpaka mwisho bila kumkatiza. Attracta akashika mdomo. Akasema, ee mama wee, Fergal hatalipenda jambo hili. Nikamwambia hajui kupika bata ndiyo maana anaogopa. Mafuta ayahifadhi, yanafaa kwa kifua.

Nimerudi nikiwa mwepesi. Wengine wanaomba mbinguni tu. Mimi naomba mbinguni na kwa Tuohy.

Alhamisi, tarehe 5 Desemba

Gráinne kaja moja kwa moja kutoka kikaoni. Hakuvua koti. Akasimama katikati ya jiko langu, akauliza kwa sauti ya chini: bata, Bibi?

Kumbe wana desturi yao. Kabla ya lolote, mwenyekiti anauliza kama kuna mtu mwenye jambo lolote linalomgusa katika yatakayozungumzwa. Kila siku watu wanatazama biskuti za mezani, wanasema hapana, wanaendelea. Leo Tuohy mwenyewe akasimama. Akasema mbele ya wote, Lacey akiwapo, kwamba amepokea bata bukini kutoka kwa nyanya yake mkaguzi, pamoja na ujumbe. Bata amempelekea paroko, alishe wasio nacho. Ila amepokewa nyumbani kwake, na neno limesemwa, kwa hiyo yeye hafai tena kuamua habari ya kengele. Likaandikwa. Akachukua kofia yake, akatoka, akakaa kwenye korido kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mtu mzima! Kwa sababu ya bata!

Gráinne anasema Tuohy ndiye aliyekuwa amesoma kila ukurasa. Ndiye aliyekuwa amemwahidi kwamba wakubwa watatolewa nje ili aongee. Na Lacey alitabasamu. Akasema yeye angependa kujua ni wakaguzi wangapi wa serikali wanaotumia mabibi zao kama matarishi. Watu wakacheka. Mjukuu wangu alisimama pale wakimcheka.

Hapo nilitafuta kiti.

Halafu mabaya zaidi. Tuohy akitoka, kiti kinashikwa na naibu. Na naibu ni nani? Oonagh Scally! Yule wa duka la dawa, aliyeninyang'anya kazi ya kupanga maua ya altare kanisani tangu Pasaka, akasema mpangilio wangu ni kama zizi la ng'ombe. Sasa Mena wangu yuko mikononi mwa Oonagh Scally. Mwingine aliyebaki ni mhasibu kutoka Dublin, Cormac Devane, mtu mkimya, anasafisha miwani tu.

Lacey akatoa picha za kengele mpya, zinang'aa. Oonagh akazitazama, akasema picha hazitoi sauti. Akasema kamati haitatoa neno mpaka iende yenyewe ikavute kamba. Makao gani, siku gani, hakusema.

Gráinne akanishika mabega. Akasema, Bibi, nakuomba kwa upendo wote ulionilea nao, sasa usifanye kitu chochote. Chochote. Nikamwapia.

Najua watakakokwenda. Watu wa aina ya Oonagh huenda Dublin, kwenye makao yenye mazulia. Drumcarrow hawatakanyaga.

Jumamosi, tarehe 7 Desemba

Nimeapa nisiguse kamati. Kamati sijaigusa. Lakini dada yangu ni dada yangu.

Nimemchukua mkwe wangu Packie, mume wa binti yangu mdogo, fundi wa umeme. Hakutaka. Alisema nyumba ya serikali haiguswi bila ruhusa. Nikamkumbusha ni nani aliyempokea mkewe alipozaliwa, mtoto kafika miguu mbele na kitovu kimezunguka shingo. Akabeba kisanduku chake cha vifaa, nikakifunika kwa maua. Tukapita mapokezi kama watu wa harusi.

Packie akafungua ukuta, akanung'unika, akasema waya umeoza tangu kiungo cha kwanza. Akapitisha mwingine juu ya dari. Akavuta kamba.

Ikalia! Muuguzi Lissy akaja mbio, viatu vinateleza. Huyu binti katoka Kerala, kule India, yuko hapa na wazee wetu wakati wa Krismasi na wanawe wako huko kwao. Alipoiona taa inawaka juu ya mlango, akakaa kwenye kiti cha Mena akalia. Alisema amekuwa akiomba zitengenezwe tangu majira ya joto. Alisema yule mzee wa chumba cha mwisho, yeye ndiye aliyemkuta pale sakafuni. Bado alikuwa ameshika kamba.

Nikamkumbatia mpaka akapata joto.

Nilidhani Mena atafurahi. Akaniuliza, na Nóirín je? Nóirín ndiye jirani yake wa ukuta mmoja, kipofu, mdogo kama ndege. Nikasema Packie hana waya mwingine, na Nóirín ana wanawe. Mena akasema wanawe wako Australia. Nikasema basi hilo ni la Australia. Akaugeuzia uso dirishani. Mkali huyu! Tangu utoto hajui kupokea kitu.

Jumanne, tarehe 10 Desemba

Nimerudi sasa hivi, viatu vimelowa. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa chumbani kwa Mena nafuma soksi. Nikasikia viatu vya watu wasiofanya kazi humu. Nikachungulia: Oonagh Scally na koti lake la Misa. Devane na miwani. Lacey, ananukia manukato. Nyuma yao Gráinne wangu, mweupe kama chaki.

Drumcarrow! Wamekuja Drumcarrow!

Ningekaa kimya wangepita. Lakini kichwa kilikuwa nje ya mlango, na Oonagh akakiona. Akasema, lo, wewe tena, unapanga nini humu? Akaingia kuona. Ameingia chumba hiki kwa sababu yangu. Akamwamkia Mena kwa heshima, akaomba ruhusa, akashika kamba.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi. Nilisema kamba hiyo ni chafu. Nilisema Mena amechoka. Nikajiangusha kitini nikashika moyo. Oonagh, aliyeuza dawa maisha yake yote, akanitazama mara moja, akasema rangi yangu ni nzuri sana.

Akavuta. Ikalia kama ya kanisa. Lissy akafika kabla haijanyamaza.

Lacey akafungua mikono yake miwili. Akasema hana la kuongeza. Akamgeukia Gráinne, akasema kwa upole, upole mbaya kuliko matusi, kwamba labda sasa mkaguzi angependa kuipitia upya taarifa yake kabla haijamharibia jina. Gráinne aliitazama dari, pale Packie alipopitisha waya, plasta bado mbichi. Kisha akanitazama mimi. Nimemlea huyu mtoto tangu mama yake afariki, na sikuwahi kuuona uso ule. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Nikainamia soksi yangu. Mimi!

Ndipo Mena akasema. Kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuwaambia wanaume watoke nje wakachemshe maji. Akasema, nyie, msijisumbue na hii, hii ndiyo peke yake inayolia jengo zima, huyu mwehu aliniwekea Jumamosi. Nendeni chumba cha pili. Kavuteni ya Nóirín.

Lacey akasema muda umekwenda. Oonagh akasema wake haujaenda popote.

Tukaingia kwa Nóirín. Alikuwa kitandani, macho yake meupe yameelekea mlangoni. Oonagh akamwambia ni akina nani, akaivuta kamba. Haikusikika hata chembe. Akavuta tena. Akavuta kiti, akaketi. Devane akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikasimama.

Tukangoja.

Lacey akasema atamwita muuguzi. Oonagh akamwambia keti, Desmond. Akaketi. Mvua ikawa inapiga dirisha. Mtu mmoja akakohoa vyumba vya mbali. Devane alikuwa amevua miwani lakini haisafishi, ameishika tu. Tuliendelea kungoja mpaka nikaanza kuona aibu kupumua.

Nóirín akaona tumekosa raha, maskini. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaupata mkono wa Lacey. Akaupigapiga. Akasema, usihuzunike, mwanangu, utazoea. Usiku ndiyo huwa mrefu, mchana kuna redio.

Hakuna aliyekuja.

Lacey akainamisha kichwa. Oonagh Scally akatoa leso yake. Mimi pia, lakini mafua yangu ni ya tangu Novemba.

Ijumaa, tarehe 13 Desemba

Kamati imekaa tena. Safari hii wakubwa walitolewa nje, mlango ukafungwa, Gráinne akasema yote, pamoja na la Packie. Kisha mkuu wa idara akaitwa, na Oonagh akamwambia usoni. Mafundi wameanza leo, chumba kwa chumba, wakianzia kwa Nóirín. Hata Mena kavuliwa waya wa Packie, anawekewa wa serikali. Kamati itarudi kuvuta kamba yenyewe, haitaki picha. Yule mzee wa chumba cha mwisho hatarudi. Alifariki jana. Gráinne amesema jina lake litasomwa kikaoni. Lissy atakwenda kumzika.

Gráinne alikaa nami jioni, akanieleza polepole kama alivyokuwa akinielekeza herufi. Akasema watu wale nguvu yao yote ni kwamba hakuna aliyewashika. Si kwa fedha, si kwa cheo, si kwa undugu. Ukimfanyia mmoja wao wema mdogo tu, umemnyang'anya sauti. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza kweli? Nikamwambia mwanangu, mimi si mjinga. Hakuna zawadi tena. Akaniegemea begani, akalala hapo hapo na koti lake.

Na nimeelewa kweli. Ingawa, tuseme haki, isingekuwa kengele ya Mena kulia, nani angejua ya Nóirín imekufa? Zingenyamaza zote, Lacey angesema umeme umekatika. Hilo halisemi mtu.

Jambo moja. Attracta Tuohy ameniambia baada ya Misa kwamba yule Cormac Devane wa Dublin ni mgane. Hana mtoto. Krismasi anakula peke yake, chakula cha kopo! Na Gráinne wangu naye jioni zake zote ni makaratasi. Nimeshapeleka salamu kwa Devane: aje kwangu sikukuu, kiti chake kiko karibu na dirisha, kando ya mjukuu wangu. Gráinne sijamwambia, asije akaanza habari za kikao.

Hii si zawadi. Ni chakula tu.