Kanga Yangu na Miti ya Nchi Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba
Wataalamu wamefika Mhezi, wa kwetu Tanzania na wa Kenya. Kumbe miaka yote kila nchi inahesabu misitu kivyake! Huyu akisema msitu, mwenzake anasema vichaka. Sasa watapima pamoja miti ya juu ya kijiji, wapatane njia moja. Mwanangu Fortunata kachukuliwa kushika futikamba wiki hii. Koleta wa Ernesta naye. Atakayefanya vizuri ataajiriwa mwaka mzima. Mmoja tu! Ernesta kaniambia bombani, tena anacheka, eti Fortunata hajui mti na nguzo. Jirani gani huyu?

Jumanne, 7 Oktoba
Mtoto karudi analia. Unene wa mti hupimwa usawa wa kifua, naye kapima usawa wa kifua chake. Bwana Nathanaeli, mkuu wao, kasema kifua cha kazi ni kimoja: mita moja na sentimita thelathini, uwe mrefu uwe mfupi, Mkenya au Mpare. Na kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Kifua cha nani hicho? Mwanangu kaumbwa na Mungu! Nimekwenda kwa Mwanaidi fundi cherehani, kanipimia fimbo ya urefu huohuo. Kanga yangu kuukuu nyekundu nimeichana vipande. Kila mti utakuwa na alama, Fortunata asihangaike.

Jumatano, 8 Oktoba
Alfajiri nikajifanya naenda kuni. Miti arobaini! Yote nimeifunga nikiwa upande wa juu, kama sheria inavyotaka. Saa nne wabeba mizigo wa wataalamu wakagoma kuingia msituni. Vitambaa vyekundu, wanasema, mtu kaamsha mizimu ya ukoo! Mzee Hezroni wa kanisani kasali akiwa njiani, hakuthubutu kuvuka. Wataalamu nao wakaanza kubishana. Mkenya anataka iandikwe msitu wa matambiko, Nathanaeli anasema fomu haina nafasi hiyo. Nchi mbili zinagombania kanga yangu! Nikajitwika kuni zangu, nikateremka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ernesta! Kavifungua vipande mitini, kavipanga uani kwake mpaka maandishi yakasomeka: MAMA NI MAMA. Kijiji kizima kinaijua kanga hiyo, niliivaa kipaimara cha Fortunata. Hana shamba la kulima? Nathanaeli kaja nyumbani. Kanipa shikamoo kwanza, ndipo akanisema. Kwamba miti ya kupimwa haitakiwi kujulikana. Watu wakiiogopa au wakiitunza kuliko mingine, hesabu inadanganya. Eneo lote limefutwa. Wataanza upya Suji, Jumatatu. Fortunata kasamehewa, ila likitokea tena kazi ni ya Koleta. Nimeapa mbele ya Nathanaeli: sitafunga kitambaa kwenye mti wowote. Fortunata hanisemeshi. Nimempikia makande. Kala, kaomba kuongezwa. Moyo umetulia kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Fortunata katokwa na neno mezani: msitu wa Suji uko nyuma ya nyumba ya shangazi yangu. Akaziba mdomo. Mimi nikaendelea kuchambua maharage. Lakini shangazi huyo sijamtembelea miaka minne, na roho inanisuta. Mtu hasahau damu yake. Nimemfungia mkungu wa ndizi, na nimechukua ile fimbo ya Mwanaidi ya kutembelea, maana kule ni mteremko. Kitambaa sijabeba hata kimoja. Niliapa, na mimi si Ernesta.

Nimebeba chokaa.