Viatu vya Mamba na Majivu ya Goma

Gaël alisikia kilio cha wakulima wa Ulaya akiwa kwenye saluni ya Murielle, mtaani Hillbrow, kusini mwa Afrika. Televisheni ilionyesha matrekta yamefunga barabara: mbolea imepanda, dizeli imepanda, chakula cha ng'ombe hakishikiki. Wateja walisikitika, naye Gaël akaanza kuwaza atawauzia nini wale maskini.

Alikuwa na haraka. Jumapili kulikuwa na mashindano ya mavazi ya Wakongomani, na Murielle alikwisha kutamka mbele za watu kwamba mshindi ndiye yeye atakayempeleka kwa mama yake kama mchumba. Viatu Gaël alikuwa navyo, vya ngozi ya mamba, roho yake yote. Kilichokosekana ni suti mpya.

Wiki hiyohiyo, kanisani kwao mjini kati, akatokea Joost, Mbelgiji mkulima wa viazi aliyekulia Lubumbashi, Kiswahili kinamtiririka, amekuja kutafuta mbolea rahisi. Alilalamika kwamba bei ya mbolea inamfukuza shambani. Gaël akamlainisha: anayo majivu ya volkano ya Goma, kiganja kimoja tu, viazi vinatoka kama vichwa vya watoto. Majivu yenyewe, tuambizane ukweli, yalitoka kwenye majiko ya wachoma nyama wa mtaa wa Kensington, hapohapo mjini, yakachanganywa na mavi ya kuku ili harufu nayo ifanye kazi.

Kwenye lundo, kando ya barabara, Joost alinusa, akafumba macho, nusura alie. Angechukua lundo lote, alisema, ila wanakijiji wenzake hawamwamini muuza mbolea anayeng'aa miguuni. Walitaka picha ya muuzaji mwenyewe juu ya lundo, amevaa gambuti. Gambuti zilikuwa garini mwa Joost.

Gaël akasita, akaviangalia viatu vyake.

"Leta biatu, patron," Joost akasema taratibu. "Nitabifunga mu kitambaa, nibiweke mu gari. Vumbi ni mbaya kwa ngozi."

Mtu anayeheshimu viatu namna hiyo, Gaël angemkabidhi hata mama yake mzazi. Akavitoa kwa mikono miwili, akavaa gambuti, akapanda lundo, akainua kidevu na kutazama mbali kama waziri. Alipoteremsha macho, gari lilikuwa limeshapita roboti, yaani taa za barabarani, zikiwa kijani, na mkono wa Joost ukipunga dirishani.

Jumamosi ikaingia picha kwenye simu: Joost, amesharudi Ulaya, katikati ya magunia ya mbolea ya kiwandani. Viatu vilikuwa vimepata mnunuzi, na bei yake ndiyo magunia hayo. "Kila kitu kimepanda, ndugu," aliandika. "Kila mkulima anajitafutia."

Jumapili Gaël alikuja kwenye mashindano na suti ya zamani na gambuti, maana hakuwa na viatu vingine. Murielle alimtazama miguuni, kisha akauliza vile vya mamba viko wapi.

"Viko Ulaya," Gaël akajibu, akijikung'uta majivu begani. "Vinalima viazi."