Kipima Kelele Kwenye Roshani Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechora nguzo mbele ya dirisha la chumba changu cha kulala. Kwa mkono wangu mwenyewe! Nguzo namba 41. Wala sikujua. Ukiwa unachora barabara ya juu ya kilomita kumi na moja, nyumba za watu ni vijisanduku tu. Nilishtuka nilipoona kijisanduku chenye matangi matatu ya maji juu ya paa, moja limelala ubavu. Tangi lile nalijua. Nimepanda kulisimamisha mara nne.

Nikapima. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Barabara nayo itapita usawa wa ghorofa ya tatu. Kutoka roshani yetu hadi ukingo wa barabara, mita tisa. Dereva akipunguza mwendo ataona tunakula nini.

Mhandisi Mkuu anasema mstari wa barabara bado haujafungwa. Katika mtaa wetu unaweza kusogezwa mita tano kulia au kushoto, kutegemea tathmini ya athari itasemaje. Kushoto ni jengo letu. Kulia ni jengo la mkabala, anakokaa yule mtaalamu wetu wa kelele. Ofisini tunamwita Mnong'ono, kwa sababu anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kwa hiyo ni yeye au mimi.

Nimemweleza mke wangu. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku, analala mchana. Amesema barabara hiyo ikija karibu zaidi ya hapo, anachukua godoro lake anahamia nyumba za wauguzi. Amelisema taratibu, huku anakunja sare yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Mnong'ono amemaliza maji ya moto kwenye birika tena. Wiki ya tatu hii! Anajaza kikombe chake, anaondoka kimyakimya, mimi nabaki na birika tupu. Nimeamua simsemeshi.

Saa nne amekuja mezani kwangu na nakala ya Sura ya Nne ya ripoti, ile aliyoiandika yeye. Ameniomba niisome, maana wachoraji nao wanapaswa kujua kelele zinapimwaje na kwa nini. Nikamshukuru. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Sura ya Nne ina unene uleule uliokuwa unapungua. Meza sasa imetulia kabisa.

Nimemwendea Mhandisi Mkuu kwa kuzungukazunguka, nikamuuliza ni majengo gani barabara huyakwepa. Alikuwa anatafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kichwani. Akanijibu kwamba ni yale yanayoumizwa na kelele. Basi! Kuna haja gani ya kusoma kurasa tisini? Jengo lenye kelele nyingi ndilo linaloumia. Linaloumia linahurumiwa. Linalohurumiwa linakwepwa.

Mashine ya kupima itawekwa Alhamisi, saa moja asubuhi, saa ishirini na nne mfululizo. Roshani iliyochaguliwa ni yangu. Mnong'ono ndiye aliyeichagua, eti kwa kuwa mtaa wetu ni mtulivu na unafaa kulindwa. Ana lake jambo.

Jumatano, 5 Machi

Maandalizi. Nimeshuka kwa fundi seremala wa ghorofa ya chini. Yeye ni mtu mwelewa. Nikamwambia kesho asiuzime msumeno, auachie tu ulie. Akauliza kama nina kazi ya kumpa. Nikasema hakuna kazi, akate mbao zozote. Akasema ana magogo ambayo siku zote alitaka kuyapasua kwa raha zake.

Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita, amekuja kutibiwa jino. Katika miaka sita ya ndoa hajawahi kunisifu kwa lolote. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba natafuta msaada wake katika shughuli ya kitaalamu, kupiga masufuria. Akauliza ni masufuria yapi. Nikamwonyesha. Akachagua kubwa.

Kilichobaki ni mke wangu. Hawezi kulala hapa kesho, na kuamka akaona mambo haya ni hatari kubwa. Nimemdanganya kwamba wanapaka rangi ngazi na harufu itakuwa kali. Amesema hana neno, atalala kwenye chumba cha rafiki yake kule nyumba za wauguzi. Mambo yananyooka yenyewe!

Alhamisi, 6 Machi

Mnong'ono amefika saa moja kasoro dakika tano. Amesimamisha kipima kelele kwenye miguu yake mitatu, amekivalisha kofia ya sponji, amenong'ona kwamba tuishi tu kama siku zote. Nikamhakikishia kwamba ndivyo tutakavyoishi.

Hajafika mwisho wa ngazi, fundi akawasha msumeno. Nikafungua redio mbili, kila moja stesheni yake. Mama mkwe alianza pole pole, kisha akakolea. Saa tatu alikuwa amevua viatu. Saa tano alikuwa anaimba nyimbo za usichana wake na kupiga kwa zamu sufuria na mfuniko. Jino hata hakulitaja. Mke na mume wa ghorofa ya pili walianza kugombana kwa sababu ya makelele yetu, wakafungua dirisha ili tuwasikie. Hao sikuwapanga. Nyongeza ya bure!

Mchana mama mkwe amenipa kipande kikubwa cha nyama na kusema kumbe na mimi nina akili. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Masikio yanavuma. Za usiku siandiki, zilifanana na za mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Mnong'ono amekuja kuchukua mashine. Akaangalia kioo chake. Akakigonga kwa kidole. Akaniangalia mimi. Akauliza kama hapa ndivyo kulivyo kila siku. Nikamjibu kwamba jana kulikuwa na afadhali. Ameandika jambo kwenye daftari lake na kuondoka bila kunywa hata maji.

Mke wangu amerudi saa nne. Anasema jana kule alilala kwa saa saba bila kushtuka, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie hapa. Uso umemng'aa kama kwenye picha zetu za harusi. Akauliza rangi ya ngazi imepakwa wapi. Nikasema wamepaka ileile ya zamani.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha matokeo. Nimevaa tai.

Mnong'ono amesimama mbele na majedwali yake, sote tumeinama kumsikia. Ameeleza, na mimi nimeandika ili baadaye nisije nikadhani niliota. Kinachopimwa si kelele za sasa peke yake. Wanachukua kelele za sasa, wanakadiria za barabara ikishajengwa, wanaangalia zitapanda kwa kiasi gani. Jengo lililokuwa kimya zikipanda sana, limeumizwa, barabara inalikwepa. Jengo ambalo tayari ni fujo tupu, barabara hailiongezei kitu.

Jengo la Mnong'ono, lililopimwa mwezi uliopita: desibeli 52 sasa, 69 baadaye. Athari kubwa. Jengo letu: 76 sasa, 77 baadaye. Athari ndogo mno, hailazimu hatua yoyote. Mhandisi Mkuu ameuliza kuna nini kwenye jengo hilo, kiwanda? Mnong'ono akanong'ona kwamba ni makazi ya watu. Kikao kizima kikasikitika kidogo. Kisha kikaamua mstari usogezwe mita tano kushoto.

Kushoto ni kwetu. Kazi ya kuuchora upya nimepewa mimi.

Nimerudi mezani, nimeichomoa Sura ya Nne chini ya mguu. Meza ikainama, kalamu zote zikaanguka. Imeandikwa wazi ukurasa wa pili, na mfano, na kisanduku cha rangi. Mwishoni kuna pendekezo la awali la Mnong'ono: mtaa wetu ni mtulivu, jengo la kushoto lina wakazi wanaolala mchana, kwa hiyo mstari usogezwe kulia na ukuta wa kuzuia kelele uwekwe. Kulia ni kwake! Yaani ningekaa tu, nikanyamaza siku moja, yote yangekuwa yamekwisha. Nimechora. Kutoka roshani yetu hadi ukingo wa barabara, mita nne.

Jumatano, 12 Machi

Nilipanga kumwambia mke wangu kidogo kidogo, ndani ya mwezi hivi. Mama mkwe amenitangulia. Wakati wa chai amemsimulia siku nzima ya Alhamisi, kwa fahari, na akamwonyesha sufuria lilivyobonyea.

Mke wangu hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Ameniuliza swali moja tu, kama kuna mtu yeyote kazini niliyemuuliza mashine ile inapima nini. Nikasema nilishauriana na Mhandisi Mkuu. Akauliza nilishauriana naye kwa muda gani. Nikaanza kukusanya vikombe.

Alasiri alikuja kijana wa gari la hospitali akabeba godoro. Mke wangu amesema hajakasirika, amechoka tu, na miaka sita ya usingizi wa vipande imemtosha. Siku atakayoweza kulala hapa, atarudi. Mama mkwe amemfuata, maana bila binti yake hana wa kumpeleka kwa daktari wa meno. Mlangoni ameniambia nilikuwa mpangaji mzuri wa shughuli.

Nimeumia. Naandika hivyohivyo. Nimeumia sana.

Alhamisi, 13 Machi

Mnong'ono amekuja mezani. Ameketi, jambo ambalo halifanyi. Amenong'ona kwamba ameisikiliza rekodi yote. Anajua msumeno wa mbao unavyolia, na anajua hakuna familia inayopiga sufuria kwa saa sita. Amesema ripoti inafungwa kesho jioni. Kuna nafasi moja. Mkazi akiandika barua fupi, hata sentensi moja, kwamba siku ile haikuwa ya kawaida, vipimo vinafutwa na yeye anapima upya Jumamosi. Alikuwa ameshakuja na fomu. Pa kutia sahihi alikuwa amepawekea alama ya penseli.

Nikamkumbusha kwamba vipimo vikibadilika, barabara itasogea kwake. Akasema anajua, lakini tarakimu zinatakiwa ziwe za kweli. Akaongeza kwamba mke wake alitibiwa na mke wangu mwaka jana, na hajamsahau.

Kwa dakika nzima nilishika kalamu.  Nilimwona akilini mke wangu anapanda ngazi na godoro lake.

Halafu akili ikanirudia. Mtu gani anajipalilia kelele dirishani kwake? Hayupo! Anachotaka ni sahihi yangu. Leo nakiri kuhusu kelele, kesho barua iko kwenye faili, keshokutwa meza yangu ya dirishani ni yake. Na birika pia! Nikamrudishia fomu yake safi, nikamwambia nyumbani kwangu kila siku ni vile.

Ameikunja fomu. Kisha akaenda kujaza birika, akaniletea kikombe cha kwanza. Sikukinywa. Kilitoa mvuke pale mezani mpaka kikapoa.

Jumamosi, 15 Machi

Ripoti ya kelele imefungwa jana. Nguzo namba 41 iko pale nilipoiweka.

Asubuhi nimempelekea mke wangu ndala zake. Ilibidi nimsubiri kwenye benchi kwa sababu alikuwa amelala. Amelala mpaka saa nane. Alipotoka alinipokea vizuri, akanimiminia chai, akauliza ninakula nini siku hizi. Akauliza pia kama kuna lolote linaloweza kufanyika bado. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Alifumba macho kidogo. Nadhani ni usingizi.

Nyumba ni kimya mno. Nasikia jokofu likiwaka na kuzima.

Lakini kuna habari njema! Tathmini haijaisha. Jumatatu anakuja mtaalamu wa vumbi, mama mmoja mwenye begi la bluu, na kipimo chake kitawekwa roshani hiihii. Safari hii sijamuuliza mtu yeyote, ili nisitiliwe shaka. Sura ya Tano nimepewa, lakini meza ilikuwa inayumba tena. Na jambo lenyewe linaeleweka bila kusoma. Kelele watu huzizoea, ndiyo maana hazikutusaidia. Vumbi ni kitu kingine, vumbi linaonekana kwa macho. Wakiona roshani ina vumbi kiasi hicho kabla hata barabara haijajengwa, nani atakuwa na moyo wa kuileta huku?

Mwoka mikate amenipa magunia mawili ya majivu. Feni nimeazima ghorofa ya pili, ambako wameshapatana. Nimefunika kiti na redio zote mbili. Mto wa mke wangu nimeufungia kabatini, usije ukachafuka kabla hajarudi.