Barua ya Tongoni

Leo nimeadhirika, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mnajua nasoma kozi ya uandishi hapa Nguvumali, Jumamosi asubuhi, kwenye darasa tunaloazimwa na shule ya msingi. (Madawati ya watoto. Magoti yanagusa kidevu.) Leo tulikuwa tunafunga kozi. Mwalimu wetu, Bi Salma, mstaafu asiyecheka ovyo, alitutaka kila mmoja alete jalada la kazi zake, asome kipande cha zamani kabisa na kipya kabisa, kisha aeleze amekua vipi kama mwandishi. Ndugu na jamaa walikaribishwa.

Nilijiandaa wiki nzima. Nikanunua jalada jekundu. Nikavaa miwani ambayo siihitaji sana.

Kipande changu cha zamani kilikuwa barua ya mapenzi. Nilipokuwa kidato cha nne, nilikuwa nawaandikia wenzangu wa bwenini barua za kuwapelekea wasichana. Mimi naandika kwenye daftari langu, mwenye shida ananakili kwa mkono wake na jina la msichana anajaza mwenyewe. Ujira wangu ulikuwa sukari. Daftari ninalo mpaka leo (najipenda, nakiri).

Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikawaambia watu kwamba watasikia maneno ya mwandishi ambaye bado hajaiva. Nikaongeza, kwa madaha, kwamba barua yenyewe nilimwandikia rafiki mmoja mzito wa kalamu, ambaye hata shikamoo alikuwa akiandika "shigamoo". Wakacheka. Nikanogewa.

Nikasoma: "Tangu nikuone Tongoni siku ile ya ziara ya shule, moyo wangu umekuwa kama ule msikiti wa kale. Kuta zipo, paa hakuna."

Nikasita hapo nichambue makosa. Nikasema mnaona, kijana huyu anajitwika tashbihi kubwa kuliko umri wake, siku hizi mimi siandiki hivyo. Ndipo sauti ikatoka dawati la pili, taratibu, kama ya mtu anayesoma dua aliyoihifadhi.

"Basi njoo uniezeke, kabla masika hayajanikuta."

Alikuwa Mama Rukia, mwanafunzi mwenzangu, anayeandika hadithi za watoto. Nikatazama daftari. Neno kwa neno. Nikamuuliza ameijuaje.

"Ninayo sandukuni," akasema, "chini ya kanga zangu za harusi. Mume wangu ndiye aliyeniandikia."

Mtu mwenye akili angekohoa, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nikamuuliza mumewe ni nani.

Aligeuka tu nyuma, na darasa zima likageuka naye. Kiti cha mwisho alikaa bwana mmoja mwenye kofia ya viua, aliyekuja kumsikiliza mkewe. Kitambi kimeongezeka, nywele zimepungua, lakini masikio yale nisingeweza kuyasahau. Mbwana, yule yule wa "shigamoo"! Hatukuwa tumeonana tangu mtihani wa mwisho. Nilisikia tu kwamba alikwenda Mwera kwenye minazi ya baba yake.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Mama Rukia akauliza, kwa upole uliozidi kunitisha, kama na zile nyingine ni zangu, maana zilikuja kumi na mbili. Nikamtazama Mbwana. Mbwana alikuwa anahesabu mabati. Nikakiri kumi na moja.

"Na ile ya mistari miwili?" akauliza. "Ile ya, 'Nimekuja hukuepo. Nimeacha mihogo kwa mama yako'?"

Hiyo haikuwa yangu. Wiki ile nililala na malaria, na Mbwana alilazimika kujitegemea. Nikasema hivyo, mbele ya watu wote.

Mama Rukia akashusha pumzi. "Basi haina neno, kaka Kombo. Zile zako zilikuwa zinanichekesha tu. Nilizisoma na dada zangu. Hiyo ndiyo niliyoipeleka kwa baba nikamwambia huyu namtaka."

Nikasikia kiti cha nyuma kikilia. Mbwana alikuwa ameketi wima, kifua mbele, kama mtu aliyepewa shahada.

Nilitaka kukaa. Bi Salma akaniambia bado, nisome kipande kipya, tuone nilivyokua. Nikakisoma, ningefanyaje. Kilianza hivi: "Moyo wake ulikuwa kama jahazi lililosahau nanga, kama mnara ulioachwa na adhana, kama..." Zilikuwepo "kama" tisa katika aya ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kuzihesabu. Leo darasa lilinihesabia.

Bi Salma aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja, akanipa. Nimeifungua nilipofika nyumbani. Ameandika: "Mihogo."

Nje, Mbwana alinikumbatia, akanishika bega, akanipa moyo kwamba nisikate tamaa, uandishi ni mazoezi. Akajitolea kuzipitia kazi zangu.

Nawaomba mnicheke kimyakimya. Na msiukejeli uandishi wenu wa zamani mbele za watu. Huenda kuna mtu alikaribia kuolewa kwa sababu ya uandishi huo.