Kiti cha Mama, Safu ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza rasmi. Lengo ni kupata hedifoni zenye besi nzito na sauti pana, ili Mzee asikilize muziki wa ile filamu kabla sikio lake halijazimika. La kushoto lilishakwenda mwaka jana. La kulia, daktari amesema ni suala la siku, si miezi. Zitatangulia kupotea sauti nyembamba, za ndege na filimbi, na nzito zitafuata. Kwa hiyo besi. Mimi si mjinga.

Maelezo mafupi, maana ipo siku wajukuu watasoma hapa. Baba yangu aliendesha mashine ya sinema miaka thelathini na mmoja. Alikaa juu, nyuma ya kioo, mashine ikinguruma ubavuni, na muziki akiusikia kwa kispika kimoja kisichozidi kisahani cha chai. Mama alikaa chini ukumbini, safu ya saba, kiti cha pembeni. Akirudi nyumbani anamsimulia ile filamu: mwisho kabisa, daraja linapokatika, ngoma zinaanzia mbali kule kushoto, zinasogea, zinasogea, mpaka kiti kinatetemeka. Mzee akawa anaahidi kwamba siku moja atamwachia mwenzake mashine, ashuke wakae wote. Hakushuka. Ukumbi sasa ni ghala la vigae, na Mama ana miaka mitatu kaburini.

Mzee ameomba kitu kimoja tu, asikie alichokuwa anasikia Mama. Mara moja, basi. Muziki ninao kwenye simu. Bado hedifoni.

Dada anataka nichukue zozote zilizopo. Kasema mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akasonya.

Jumanne, 5 Machi

Dukani tangu asubuhi. Kazini nimesema naumwa jino. Muuzaji ni yule mama tunayemwita Bibi Risiti, kwa kuwa hata ukimsalimia anataka risiti. Nimejaribu jozi kumi na moja. Moja besi yake kama mtu anapiga godoro ghorofa ya juu. Nyingine pana kweli, ila muziki unausikia kama uko kwa jirani na mlango umefungwa. Bibi Risiti akaniuliza ni za nani. Nikamweleza. Akauliza mtu mwenye sikio moja upana wa sauti atausikiaje. Nikamwambia yeye auze tu.

Nimeondoka na nyeusi. Sharti la duka ni kwamba kurudisha ni ndani ya siku saba, na ziwe na kasoro.

Nyumbani nikazisikiliza saa tatu nzima. Mzee akaja, akakaa kando yangu, mwisho akauliza kama zamu yake imefika. Nikamwambia bado. Mara ya kwanza haijirudii, na masikio yenyewe yamebaki machache, tusiyachezee. Akasema hayajabaki machache, limebaki moja. Akacheka peke yake, akaenda kukaa mlangoni kusikiliza mvua kwenye mfereji wa bati. Mvua bado anaisikia.

Nyeusi hazifai. Ngoma zinachelewa.

Jumatano, 6 Machi

Akili ni mali. Kazi yangu ni kuchonga mihuri, kwa hiyo leo nimejichongea mmoja: FUNDI SAUTI MKUU. IMEKAGULIWA. NI MBOVU. Nikaugonga kwenye barua safi, nikaenda nayo dukani kifua mbele.

Bibi Risiti akaisoma mara mbili. Akafungua droo, akatoa muhuri wa duka lake, akaugonga kando ya wangu. Nyota mbili huku, nyota mbili huku. Kila muhuri ninaochonga nautia nyota mbili pembeni, ndiyo alama yangu, na wa kwake nilimchongea mimi mwenyewe mwaka juzi. Akaniuliza Fundi Sauti Mkuu hajambo. Nikasema anaendelea vizuri. Amezipokea hedifoni kwa sababu, alisema, hajacheka hivyo tangu mwaka uanze. Nimetoka mikono mitupu.

Jioni akaja Shemeji, mume wa Dada, yule mpiga video za harusi. Hapa nyumbani namwita Mkurugenzi kwa ajili ya kizibao chake chenye mifuko kumi na minne. Kaleta hedifoni zake za kazi. Kubwa, zimechakaa, zimefungwa utepe. Akasema Mzee asikilize sasa hivi, ya nini kusubiri. Mzee alishakaa kitini. Alishavua kofia, ameiweka magotini, na nywele amezilaza kwa kiganja.

Nikasema nizipime kwanza. Nikapima.

Ukweli nauandika humu tu. Zilikuwa nzuri. Ngoma zilianzia mbali kule kushoto, zikasogea, nikahisi kifua changu kinasogea nazo. Nikamwona Mama waziwazi, na pochi yake magotini. Halafu nikamwona Mkurugenzi amesimama pale na mifuko yake, anasubiri kushukuriwa. Zawadi ya mwisho ya baba yangu itoke kwa mtu wa kuoa tu? Nikasema besi imevimba, Mzee ataumia sikio. Dada akasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Shemeji alipokwenda kunawa, nikachomoa waya wa hedifoni zake, nikautia mfukoni, endapo Mzee atashawishika nikiwa sipo.

Mzee akavaa kofia yake. Akasema sawa, mimi ndiye fundi.

Ijumaa, 8 Machi

Jana sikuandika. Nilinuna. Shemeji ametafuta waya wake nyumba nzima, hata ndani ya birika katazama. Nimemsaidia kutafuta.

Leo nimezipata. Imebaki jozi moja dukani, ya kuonyeshea. Besi inashuka mpaka unaihisi kwenye visigino, na upana wake kama mtu amebomoa kuta. Tatizo ni kwamba waya wake umepotea, nimezijaribu kwa waya wa duka ambao hauuzwi, na mwingine utafika Jumatatu. Nikacheka moyoni. Waya ninao.

Ningeweza kumvalisha leo leo. Dada kasema hivyo hivyo, tena kwa kunisihi, na Dada si mtu wa kusihi. Lakini hedifoni kama hizi huwezi kumvalisha mtu kwenye kiti cha plastiki. Nimekumbuka kwamba viti vya ukumbi wa zamani vimerundikwa nyuma ya ghala la vigae. Kesho nafuata kiti, Jumapili tunasikiliza. Siku mbili ni nini?

Jumamosi, 9 Machi

Mlinzi wa ghala alinikatalia mpaka nikamwahidi muhuri wenye jina lake. Nimebeba kiti cha ukumbi kwa toroli, chekundu, kimepasuka kidogo mgongoni. Namba imefutika, kwa hiyo nimeichonga mwenyewe kwenye mpira na kuibandika: 7. Bila nyota. Nimejifunza.

Nikafika mchana, nikamwita Mzee kutoka mlangoni. Hakugeuka. Nikaita tena. Dada yuko jikoni, macho mekundu. Anasema asubuhi mfuniko wa sufuria umeanguka nyuma ya Mzee, hakushtuka. Na mvua ilinyesha, naye hakwenda mlangoni.

Mzee ana mawazo mengi siku hizi. Ndiyo maana.

Jumapili, 10 Machi

Saa kumi jioni. Pazia nimelifunga. Mzee kwenye kiti chekundu, kofia magotini. Dada na Shemeji nimewasimamisha ukutani. Nikachomeka waya, nikamvalisha, nikabonyeza. Simu ikaonyesha muziki unakwenda.

Mzee akafumba macho. Akaanza kutikisa kichwa taratibu. Dakika ya nne, pale daraja linapokatika, akashika mkono wa kiti, machozi yakamtoka. Ulipoisha akasema, kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwamba amesikia. Kiti kimetetemeka. Sasa anajua mama yetu hakuwa anatia chumvi. Akanishika shavu. Nikamtazama Shemeji hivi, kwa jicho la pembeni. Shemeji alikuwa anatazama kiti.

Nami nikatazama. Ncha moja ya waya ilikuwa kwenye simu. Ya pili imelala pale kitini, kando ya paja la Mzee. Waya wa Shemeji haukuwa saizi ya tundu la hedifoni zangu. Ulichomoka hata kabla sijabonyeza.

Dada alinigeuzia mgongo. Shemeji hakusema neno kuhusu waya wake. Alitoa utepe kwenye mfuko mmojawapo, akaushika waya tunduni na kuufunga, akausikiliza yeye mwenyewe, akaitikia kwamba unafanya kazi. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikamvalisha Mzee tena. Akanitazama usoni kwanza. Kisha akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa.

Nikauzima muziki bila kumwambia. Akaendelea kutikisa kichwa.

Nililia mbele ya Mkurugenzi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 11 Machi

Usiku nimewaza, na nimeona kosa lilipo. Kosa ni waya.

Nimekwenda kwa Bibi Risiti kabla hajafungua. Anasema Ijumaa anapokea zisizo na waya, besi nzito kuliko zote, na upana ambao yeye mwenyewe hajawahi kuusikia. Nimemwomba aniwekee jozi moja, asimwonyeshe mtu. Akaniambia pole. Sijui pole ya nini. Risiti hakuniomba.

Nimemwandikia Mzee kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: SUBIRI MPAKA IJUMAA. Alikuwa mlangoni, anatazama mvua. Akasoma, akavaa kofia yake, akaniomba kalamu, akaandika chini yake: Sawa, fundi.