Hodi Kabla ya Kufungua Sistimu

Ijulikane kwa wananchi wote, wenye kompyuta na wasio nazo, kwamba ile tabia mbaya ya watu wawili kuingia pahali pamoja kwa wakati mmoja imekomeshwa rasmi katika Ofisi ya Ugavi wa Kumbi na Bustani za Sherehe, ghorofa ya tatu, juu ya duka la misumari, River Road.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Ndambuki, kwa gundi yake mwenyewe. Nakala zikapelekwa kwenye lango la kila bustani. Lilikuwa tangazo zuri, lina nembo. Waliokuja kuomba ukumbi walilisoma, wakatazamana, wakaulizana kama hapa ni ofisini au ni chooni.

Bwana Ndambuki alikuwa na sababu zake. Ofisi hiyo ilikuwa na kitu kimoja tu cha maana, nacho ni faili moja ndani ya kompyuta, lenye kumbi zote na bustani zote, na nani kapewa nini siku gani. Wafanyakazi waliliita sistimu. Yeye aliliita Hifadhidata Unganishi, na kila akilitamka jina hilo alifunga kifungo cha koti. Nyaya zilipita chini ya zulia hadi meza ya Kaindi, meza ya Mwanasha, na chumba cha Mkurugenzi chenye mlango wa kioo. Kwa hivyo watu watatu waliweza kulifungua faili hilo kwa pamoja, kama watoto watatu na sinia moja ya wali. Na kama ilivyo kwa wali, wa mwisho kutia mkono ndiye anayeamua kilichobaki.

Ndiyo yaliyotokea Parklands. Kaindi aliuandikia ukumbi wa huko kwaya moja ya Machakos. Wakati uo huo Mwanasha akauandikia ukoo wa Mzee Abdulrauf, waliokuwa wakimwoza mjukuu wao. Siku ikafika, kwaya ikaingia kwa mlango wa mbele na bibi harusi kwa mlango wa nyuma. Nikaha ilikuwa imeshafungwa msikitini, alhamdulillahi, lakini karamu haikuliwa. Sufuria za pilau zilirudi nyumbani zimepakatwa mapajani kama wagonjwa.

Bwana Ndambuki alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Aliunda kamati. Kamati ikanywa chai. Baada ya chai ikamwita Naeem, fundi wa kompyuta, akaingia chini ya meza na kutoka na vumbi kichwani.

"Mkubwa, hii si ngumu," alisema. "Kila mtu apewe jina lake na paswadi yake. Halafu naweka kufuli. Rekodi ikishikwa na mmoja, wengine waisome tu mpaka aiachilie. Na kitu kikiharibika, tunajua ni nani."

"Jina lake," Ndambuki alirudia. "Kwa hivyo Kaindi atakuwa na jina."

"Ndio."

"Na Mwanasha."

"Ndio, mkubwa."

"Na kazi ikifanyika vizuri, Hifadhidata itasema imefanywa na Kaindi."

"Si ndiye atakuwa ameifanya?"

Ndambuki alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria semina. Akamweleza kwamba katika utumishi wa umma kazi haifanywi na watu, hufanywa na ofisi. Kwa ajili ya umoja, uwajibikaji na mwonekano, watumiaji wote watakuwa na jina moja: MKURUGENZI. Paswadi nayo itakuwa moja, na itabandikwa ukutani isije ikapotea. Kufuli halihitajiki. Ofisi ni familia, na familia haifungiani milango.

"Sawa," Naeem alisema, akijipangusa. "Na tutajuaje kama kuna mtu ndani?"

Mwanasha alikuwa mtu wa Lamu, na uso wake haukuwahi kumwambia mtu lini anatania. Alijibu bila kuinua macho: "Kwetu mtu hupiga hodi. Hodi tatu. Asiyeitikiwa hurudi kwao."

Kaindi alichekea ndani ya kikombe. Ndambuki hakucheka. Alikuwa anaandika.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mwongozo wa Hodi katika Mazingira ya Kidijitali, uliochapwa chini ya lile tangazo la mlangoni. Anayetaka kufungua sistimu asimame, aseme hodi kwa sauti ya kusikika. Kama hamna mtu ndani, wenzake wamwambie karibu. Kama yumo mtu, huyo aseme, "Subiri, niko ndani." Aliye ndani asiingiliwe. Hodi tatu bila karibu, rudi ukakae.

Asubuhi ya kwanza Kaindi alisimama, akavuta sketi, akasema, "Hodi." Mteja mmoja kwenye benchi, kwa adabu tu, akaitikia, "Karibu." Ikabidi aelezwe kwamba hana mamlaka ya kukaribisha.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hodi ilifanya kazi. Kwa majuma mazima hakuna aliyemkanyaga mwenziwe. Ndambuki alisikiliza hodi hizo kutoka nyuma ya kioo chake kama mtu anayesikiliza kuku wake wakitaga. Yeye mwenyewe hakupiga hata moja. Mtu hapigi hodi kwake.

Tena siku hizo alikuwa na lake kubwa. Binti yake, Yvonne, alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Makueni. Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuuliza swali, akajibiwa, kisha akauliza tena. Huyo ndiye ambaye Ndambuki alimwambia, mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Ile bustani ya Loresho iko chini yangu. Nikisema Jumamosi, hata nyasi zinajipanga." Maneno hayo yalikuwa yameshasafiri hadi Makueni na kurudi. Ndambuki angevumilia mvua siku hiyo, angevumilia hata spika kuharibika. Kuaibika mbele ya mwalimu yule hangevumilia.

"Baba, umeiandika kweli?" Yvonne alimuuliza kwa simu. "Mtu wa hema anataka karatasi."

"Karatasi ni za watu wanaoshukiwa, mama. Naiandika sasa hivi."

Na kweli aliiandika sasa hivi. Ila sasa hivi hiyo hiyo, upande wa pili wa kioo, alikuwa amefika Bi Nabiha, nyanya wa yule bibi harusi wa Parklands, akiwa na fimbo na bila haraka.

"Shikamoo, Bi," Mwanasha alisema.

"Marahaba. Mlituahidi pahali pengine pa kulia karamu yetu. Mbuzi wamenenepa, sasa wanatuangalia kama ndio sisi tutakaoliwa. Nataka pale Loresho penye nyasi. Jumamosi."

Kaindi alisimama. "Hodi."

"Karibu," Mwanasha akasema.

Ndambuki alisikia, akatabasamu. Mwongozo ulikuwa unafanya kazi. Akafungua rekodi ya bustani ya Loresho, Jumamosi, akaikuta tupu, akaandika: Harusi ya Yvonne. Akahifadhi. Akaegemea kiti na kuagiza chai.

Kaindi naye alikuwa ameifungua rekodi iyo hiyo ikiwa tupu, lakini alichelewa, kwa kuwa Bi Nabiha alitaka ukoo uandikwe mpaka babu wa babu. Alipomaliza akabonyeza, na kompyuta, badala ya kutii, ikauliza swali.

"Mwanasha," Kaindi alisema, "inasema rekodi imebadilishwa na mtumiaji mwingine. Inasema ni MKURUGENZI."

"Wewe umeingia kama nani?"

"Kama MKURUGENZI."

"Basi si ni wewe?"

"Inauliza kama niandike juu ya yale ameandika."

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Ukaitikiwa?"

"Wewe si ndio uliniitikia."

"Basi bonyeza ndiyo, dada. Usikae hapo kubishana na nafsi yako."

Kaindi akabonyeza ndiyo.

Jumamosi Bwana Ndambuki alifika Loresho mbele ya msafara, suti ya buluu, ua kifuani. Nyuma yake Yvonne, nyuma ya Yvonne wakwe. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani kulikuwa na hema, mazulia, taarabu, na harufu ya pilau iliyopita juu ya ukuta bila kumwomba mtu ruhusa.

"Bustani iko na watu, mkubwa," alisema Makau, mlinzi wa lango.

"Nani amewapa?"

Makau akavaa miwani, akafungua karatasi. "Imeidhinishwa na Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi."

"Basi umefanya kazi safi. Hata kiti hakijakosekana."

Baba mkwe alikohoa. "Bwana Ndambuki, hii ndiyo ile iliyo chini yako?"

"Ni hitilafu ya kiufundi, mwalimu. Makau, fungua lango."

"Siwezi, mkubwa. Kuna mwongozo." Makau akaonyesha lile tangazo, nembo na yote. "Ulituletea mwenyewe. Aliye ndani asiingiliwe. Piga hodi."

Ndambuki aligeuka. Lori la viti lilikuwa limeshazima injini. Wazee wa Makueni walimtazama kwa upole, upole ule ambao hautakuja kusahaulika katika ukoo. Yvonne alikuwa ameikusanya shela mkononi isiguse vumbi, na macho yake yalikuwa karibu kulowa.

"Baba," alisema polepole, "si upige tu."

"Hodi," Ndambuki akasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Taarabu ikaendelea.

"Hodi."

"Subiri, niko ndani," sauti ya mwanamke mzee ikajibu.

Mwalimu mkuu alikuwa amesogea kusoma tangazo, kidole kikifuata mistari. "Hapa imeandikwa ni tatu," alisema. "Baada ya hapo tunarudi kwetu. Na kwetu ni mbali."

Hodi ya tatu haikutoka kwa Mkurugenzi. Ilitoka kwa baba wa msichana aliyevaa shela. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa ya kweli.

Fimbo ikasikika ikija. Uso wa Bi Nabiha ukatokea kwenye tundu la lango.

"Nani?"

"Mkurugenzi."

"Yupi? Yule aliyetuweka na kwaya, au yule aliyetupa bustani hii nzuri?"

Ndambuki alifikiri. Alifikiri kuliko alivyowahi kufikiri katika kamati yoyote.

"Wote wawili, mama," akasema.

"Haya, angalau mmoja nina la kumshukuru." Bi Nabiha akamchungulia Yvonne. "Na huyu ndiye bibi harusi? Mbona mnamsimamisha juani kama mgeni? Karibuni. Makau, fungua. Pilau lipo, tumelipika kwa hasira ya karamu mbili."

Hivyo mabibi harusi wawili wakakalishwa zulia moja. Vigelegele vya kina Bi Nabiha vikakutana na nyimbo za Makueni, na mwalimu mkuu akala sahani mbili na hakuuliza swali tena mpaka jioni, alipouliza kama kuna ya tatu.

Jumatatu Bodi inayoisimamia ofisi hiyo ilikaa. Kwa kuwa Bodi haina upendeleo, haikumuuliza mtu, iliiuliza Hifadhidata. Nani aliitoa bustani iliyokuwa imeshatolewa? MKURUGENZI. Nani alifuta harusi ya binti wa Mkurugenzi? MKURUGENZI. Ikaonekana wazi kwamba kazi yote ya ofisi hiyo, na makosa yote, yamefanywa na mtumiaji mmoja asiyepumzika. Bodi ikampongeza kwa bidii, ikaagiza aondolewe haki ya kuandika. Awe anasoma tu. Kaindi na Mwanasha wakapewa majina yao, Naeem akaweka kufuli lake, na chai ya Bodi haikuwa imepoa.

Kesho yake Bwana Ndambuki alitoka nyuma ya kioo. Kuna mkubwa fulani alikuwa amempigia akitaka ukumbi, naye hakuwa tena na njia ya kumwandika. Akasimama kando ya meza mbili, mikono nyuma.

"Hodi," akasema.

Kaindi alikuwa anaandika. Mwanasha alikuwa anaandika. Mteja mmoja kwenye benchi, kwa adabu tu, akaitikia, "Karibu."

Safari hii hakuna aliyemwambia kwamba hana mamlaka.